Chuo Tulichokibebea Matofali

Wiki iliyopita nilirudi nyumbani. Basi la kutoka Mbeya lilinishusha Nyololo kwenye ukungu, na kabla sijalishika begi vizuri pua ilishanijulisha nipo wapi. Moshi wa kuni za misindano, viazi vya kuchemsha, na ule ubaridi wenye harufu ya udongo mbichi. Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke nilikuwa Mwanjelwa, huko Mbeya, kwa mama mdogo, namsaidia kuuza mitumba. Nilijiambia sirudi mpaka niwe na la kusema. La kusema sina na nimerudi hivyo hivyo, kwa hiyo ngoja nikuambie wewe rafiki yangu, maana wengine nawaonea aibu.

Kwetu ni juu, ukiiacha lami. Zamani hakukuwa na mji. Kulikuwa na mashamba ya mahindi na pareto, kanisa, na watu wachache wanaojuana mpaka mbwa wao. Halafu wakaja wageni kwenye mkutano wa kijiji, wakasema patajengwa chuo kikuu, ili elimu iwafuate watu wa vijijini huku huku. Chuo cha watoto wenu, walisema. Mi nilikuwa mgongoni kwa bibi, sikumbuki kitu, ila bibi amenisimulia mara nyingi mpaka naona kama nilikuwepo na akili zangu.

Kwetu kuna kazi ya pamoja inaitwa mgowe. Ukiwa na shamba kubwa au nyumba ya kujenga, unaita majirani, wanakuja na majembe yao, halipwi mtu, jioni mnakunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Basi chuo nacho kikajengwa na mgowe, angalau mwanzoni. Wanaume walifyatua matofali bondeni na kuyachoma, wanawake wakayapandisha kichwani. Bibi alikuwa anaweka ngata ya majani ya migomba, anapanga matofali juu yake, anapanda mlima huku anaimba. Ujenzi ulichukua miaka, mpaka na mimi nikashuka mgongoni, na sisi watoto tulibeba moja moja, la moto moto bado kutoka kwenye tanuru, tukilikumbatia kifuani kwa sababu ya baridi. Mpaka leo sijawahi kuota moto mtamu kama ule. Tukifika juu tunapewa togwa kwenye kikombe kimoja, tunagombania zamu.

Bibi alikuwa na msemo wake: aliyekuja kwenye mgowe haombi, anapewa.

Huo msemo ndio ulionimaliza. Sikiliza. Shule ya msingi ya kijijini nayo ilijengwa hivyo hivyo miaka ya nyuma, na siku ya kufunguliwa kila nyumba iliyobeba matofali ilipeleka mtoto wake, akaandikwa. Kwa hiyo chuo kilipofunguliwa bibi hakumuuliza mtu. Alinisugua miguu kwa jiwe, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa, akavaa kitenge chake cha kanisani, akabeba kuku. Nilikuwa sijaanza hata darasa la kwanza.

Tukapanga foleni na wanachuo wenye masanduku ya magurudumu. Wanatuangalia, bibi anawasalimia mmoja mmoja, kamwene, kamwene, na wao hawajui kuitikia. Tulipofika mezani, bibi, na mvi zake zile, akamwamkia karani kijana shikamoo. Yule akaitikia marahaba. Bibi akasema amemleta mtoto, halafu akanigeukia.

"Waoneshe."

Nilijua anachotaka. Nikapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa nikashika sikio la kushoto, kama wazee wanavyompima mtoto aliyefikia umri wa shule. Foleni nzima ikacheka. Mi nilifikiri wamefurahi, nikarudia na mkono wa pili.

Mwalimu mmoja wa chuo, mwanamke, ndiye hakucheka. Akaja akapiga goti kidogo mbele ya bibi, akasema, "Shikamoo bibi. Huyu bado mdogo, aanzie shule ya hapo chini. Akimaliza mleteni, nafasi yake ipo." Akampokea kuku kwa mikono miwili.

Najua leo kwamba alikuwa anatusitiri tu. Bibi aliona ni ahadi. Alirudi akawaambia majirani, na kuanzia jioni ile jina langu likawa Mwanachuo. Mwanachuo, kachote maji. Mwanachuo, mbuzi wanakula mahindi. Jirani yetu mmoja, aliyevunjika kidole na tofali la msingi, kila nikipita anauliza kama kiti chetu cha chuoni hakijapata vumbi. Nilivyokua nikaanza kuelewa ile foleni ilikuwa inacheka nini, nikawa napitia njia ya nyuma nisikutane na mtu wa chuo. Usiku uso unawaka peke yake.

Halafu sekondari ikanishinda. Hesabu kwangu ilikuwa kama kuangalia mvua, inanyesha tu. Matokeo yalipotoka mwalimu wetu aliyasoma kwenye simu yake, akanipa simu nijisomee mwenyewe. Hakuwa na ubaya, ila hakutaka kuyasema kwa mdomo. Bibi akauliza kama ni mazuri. Nikamwambia hayatoshi. Akasema basi kale, chakula kinapoa.

Sasa nimemkuta anauza viazi na chai ya maziwa nje ya geti la chuo. Siku hizi kuna ukuta na mlinzi. Bonde la matofali limejaa hosteli, na mgowe watu hawaitani tena, ukiwa na kazi unatafuta vibarua. Nikakaa naye kumenya viazi. Msichana mmoja wa rika langu, kitambulisho shingoni, akaja kunywa chai. Anamwita bibi kwa mapenzi, wanataniana, inaonekana wamezoeana. Akaniangalia, akaniuliza kwa upole tu na mimi nasoma hapa mwaka wa ngapi.

Nilifungua mdomo. Bibi akaniwahi.

"Anapumzika kwanza."

Alisema huku anamimina chai, hakuniangalia. Msichana akasema pole dada, akidhani naumwa. Mi nikainamia viazi.

Miaka yote ile bibi alikuwa hapepesi macho akisema nitasoma pale, alisema kama mtu anayesema kesho ni Jumapili. Ukuta naweza kuuzoea, na hosteli, na wageni wasiojua kuitikia kamwene. Ila ile sauti yake nimeitafuta wiki nzima jikoni, shambani, kwenye sala zake za asubuhi. Sijaisikia.