Tovuti Iliyoongea Flo ya Sita

Hebu sogeeni, nyinyi mko hapo nyuma, na nyinyi mmekalia ndoo. Mwenye anatafuna njugu atafune polepole. Hii ni stori ya simu yangu, vile iliongea Jumapili moja mpaka nikashangaa kama kweli ni mimi niliinunua.

Mnajua mimi ni fundi wa viatu hapa Jericho, karibu na soko. Nimeshona viatu hadi nikikutana na mtu nasalimia mguu kwanza. Lakini kulala ni mtaa wa Pipeline, flo ya sita ya ghorofa, na wakati huo nilikuwa nakaa na mtoto msichana wa dada yangu, miaka kumi na tisa. Alikuja kutafuta kazi, akapata kwa saluni, halafu polepole akaacha kwenda. Chakula akaacha. Akawa analala tu akiangalia ukuta, na ukuta wangu hauna hata kalenda.

"Unaumwa wapi?" namuuliza.

"Si mahali, Anko."

Hiyo jibu ilinimaliza. Ingekuwa mahali, si ningeweka kiraka.

Sasa kulikuwa na dada mmoja mteja, namwekea soli. Akaniambia anafanya kazi na kliniki ya vijana wenye wamelemewa na mawazo, na wanatengeneza tovuti ndio kijana ajue msaada uko wapi kabla atoke kwa nyumba. Nikamwambia ya kwangu. Akanifungulia hiyo tovuti kwa simu, nimpelekee msichana.

Msichana akaangalia, akanirudishia. "Anko, hii ni Kizungu ya madaktari, na picha ya mzungu amekaa juu ya mlima anacheka. Kitu nataka kujua haiko."

"Gani?"

"Kama watampigia mathe."

Kesi yote ilikuwa hapo. Mamake akiskia tu, atapanda basi ya asubuhi na kanisa mzima, na kwaya, na pengine ng'ombe. Msichana akasema bila kujua hiyo, haendi. Na mimi singembeba kwa mgongo.

Nikapelekea dada mteja hilo swali. Hakubishana. Alikuwa amekaa kwa stuli yangu na kiatu kimoja, akasema hata wengine wanauliza mambo kama hayo: ni pesa ngapi, utaitishwa kitambulisho, ukifika mlangoni unamwambia nani nini. Baada ya siku kadhaa akarudi, akaniambia tujaribu tena. Wametoa ile video ilikuwa inakula bando kama mbuzi kwa mahindi ya watu, wameandika Kiswahili ya kawaida, na wameweka kitufe cha kusoma kwa sauti, kwa watu kama mimi wenye hatujawahi kusalimiana na herufi.

Jumapili mchana nikafungua. Mnaona hivi vidole? Gundi imekaa hapa hadi simu haijui kama ni mtu anaigusa. Mimi hubonyeza na pua. Basi nikabonyeza kile kitufe, na pua.

Mungu wangu! Simu yangu sauti iko mwisho, sababu ya kelele ya soko. Na kule Pipeline jirani akikata kitunguu, mimi ndio nalia. Sauti ya mwanamke ikatoka: "KARIBU. KAMA UNAKOSA NGUVU YA KUTOKA KITANDANI, HAUKO PEKE YAKO." Ikaskika hadi mtaa wa pili, Kware, watu wa Kware wakasema asante.

"Anko, zima!"

Nikaweka kidole, wapi. Nikaweka pua, nikakosa. "HUDUMA NI BURE, KUANZIA MIAKA KUMI NA TANO HADI ISHIRINI NA NNE." Nikaisukuma chini ya mto, mto nao ukaanza kutoa ushauri.

Msichana akaruka kutoka kitandani, akainyakua. Kidole kikafika karibu, kikasimama. Kwa sababu ilikuwa inasema: "UKIWA MTU MZIMA, HATUPIGII MZAZI SIMU BILA WEWE KUKUBALI, ISIPOKUWA MAISHA YAKO YAKO HATARINI, NA HATA HAPO TUTAKUAMBIA KWANZA."

Akaiacha iongee. Akaskiza yote, hadi mlango ni wa rangi gani. Halafu akazima.

Kwa korido, hata watoto wenye walikuwa wanacheza mpira walikuwa wamesimama kuskiza. Msichana akakaa chini, mikono kwa uso.

"Kesho ningeenda, Anko. Lakini flo nzima imeskia. Sasa nitapitia wapi?"

Ukuta ukagongwa. Ni jirani yetu, mama wa mitumba, mtu hajawahi kunichekea tangu nihamie.

"Fundi, kwani umezima? Ambia huyo msichana aningoje kesho, twende wawili. Lakini rudisha pale pa miaka: mimi wa hamsini na mbili, nikivaa jinzi watajua?"