Siku Thelathini za Theluji

Baba yangu alivunjika mfupa wa muundi mwishoni mwa masika, akiwa nyuma ya bodaboda iliyoteleza kwenye matope karibu na nyumbani kwake Masaki, Kisarawe. Alikuwa amepakata mzigo wa pingili za muhogo, na waliomwokota wanasema hata chini alikuwa bado ameukumbatia. Walimleta hospitali ya Tumbi, huku Kibaha. Daktari akamfunga hogo, ile plasta nzito, kutoka vidoleni hadi juu ya goti, kisha akatoa sharti ambalo niliandika kwenye daftari langu neno kwa neno: wiki sita, mguu usikanyage chini hata mara moja. Akikanyaga mapema mfupa utahama, na mfupa ukihama itabidi apasuliwe na kuwekewa chuma.

Nikamchukua kwangu Kibaha. Mama alifariki zamani. Shambani alibaki shangazi, mdogo wake baba wa mwisho.

Mguu haukunipa hofu kama kichwa chake. Kipupwe ndio wakati mikorosho inachanua, na mkorosho unaochanua unataka salfa, ule unga unaopulizwa juu ya maua ili ukungu usiyaunguze. Tangu nikiwa mdogo sikumbuki msimu ambao baba hakuwapo salfa inapopulizwa. Alikuwa hamwamini mtu. Hata mwenye mashine alipopuliza, baba alitembea nyuma yake akimwonyesha tawi alilolisahau.

"Wiki sita," aliniambia siku ya kwanza, akiutazama mguu kama mgeni asiyemjua. "Huyo daktari analima nini?"

Wakati ule nilikuwa naandika habari za Kwala, za viwanda na bandari kavu, na nilikwenda huko mara mbili kwa wiki. Siku nyingine niliandikia nyumbani. Kazi ikiisha, baada ya alasiri, nilifungua kwenye laptop mchezo mmoja wa kilimo na kucheza saa moja au mbili. Baba alidhani naendelea na kazi, mpaka siku aliyoomba miwani yake.

"Hilo shamba la nani?"

"La kwangu, baba."

"Liko wapi?"

"Humu humu. Ni mchezo."

Akatazama nikimwagilia kitalu kizima. "Mbona unalima bila kuinama?" akauliza. Kesho yake alitaka nimsogezee stuli ya kuwekea mguu karibu na meza. Kufikia wiki ya tatu alikuwa ameshahamisha banda la kuku mara mbili, na mimi nilikuwa nikifuata maelekezo tu.

Mchezo ule una misimu minne, kila msimu siku thelathini, na siku moja ya humo huchukua kama robo saa ya kwetu. Tulikuwa tunaumaliza msimu wa tatu. Shamba lilikuwa limejaa viazi na mizizi mingine ya kigeni iliyokwisha kukomaa. Nikashika jembe nianze kuvuna.

"Unafanya nini?" baba akauliza.

"Navuna."

"Yote? Una harusi? Acha ardhini. Ng'oa ya leo."

Nikaacha. Sikubishana hata kidogo, na hapo ndipo kosa lilipokuwa, kwa sababu mimi pia nimekulia Masaki. Kwetu hakuna anayeng'oa shamba zima la muhogo kwa siku moja. Unang'oa shina la mchana huu, kesho unang'oa la kesho, na lililobaki linakaa ardhini likikungoja, hata mwaka. Ghala la muhogo ni ardhi yenyewe. Kwenye kalenda ya mchezo palikuwa na onyo la maandishi madogo, kwamba mazao yote ya msimu ule yangekufa siku ya kwanza ya baridi. Nililisoma siku iliyofuata.

Siku hiyo iliyofuata shamba lilikuwa jeupe lote. Baba akasogeza miwani.

"Nani kapuliza salfa mpaka barabarani?"

"Hiyo theluji, baba. Msimu wa baridi umeingia."

"Na viazi?"

Nikasogea kuangalia. Mashina yote yalikuwa yamekauka, rangi ya majani ya chai. Nikapiga jembe kwenye moja, halikutoa kitu.

"Rudisha jana," akasema.

"Hairudi."

Siku mbili hakuisogelea meza. Nilikuwa nimeufurahia mchezo ule kwa sababu ulimkalisha kitini, na sasa nilijilaumu, maana nilimwona akiwa amekaa barazani na simu mkononi, akiongea kwa sauti ya chini na kunyamaza nikipita.

Siku ya tatu nilirudi kutoka Kwala saa sita mchana. Nikamkuta barazani amevaa shati la kutokea, mfuko wa nguo mapajani, na kiatu chake kimoja kimefungwa kamba vizuri mguuni.

"Shikamoo, baba. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nakwenda kuangalia salfa. Keshokutwa nimerudi. Bodaboda iko njiani."

"Baba, daktari..."

"Juzi nimeona kwa macho yangu shamba linavyokufa huku mwenyewe amekaa kitini," akasema. "Sitaki kuona tena."

Nilimsihi. Nilimkumbusha habari ya kupasuliwa na chuma. Alinisikiliza kwa upole, kisha akaangalia barabarani. Mtoto hana neno jingine baada ya kusihi. Nilibaki nimesimama na mkoba begani, nikitazama mguu ule uliokuwa umebakiza wiki tatu.

Hapo ndipo alipotokea jirani yetu, mwalimu mstaafu, Mnyamwezi wa Tabora. Baba ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Tangu baba aje, wazee hawa walikuwa wakirushiana maneno juu ya ua kila asubuhi.

"Mzaramo!" akaita kabla hajafika. "Shati limenyooshwa, kiatu kimefungwa. Nani kakualika kwenye ngoma?"

"Pita zako, mpagazi."

"Mpagazi ndiye atakayekubeba ukivunjika mara ya pili, na siku hizi mgongo unaniuma."

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu anatoroka?"

Nikautazama mfuko wa nguo mapajani mwa baba. Mwalimu akapanda barazani, akachuchumaa kama anayetaka kukagua hogo. Akafungua kamba ya kiatu, akakivua, akakitia kwapani na kushuka ngazi.

"Wewe! Kiatu changu!"

"Kikomboe."

Mtani akishika kitu chako huwezi kukasirika, wala humnyang'anyi. Unakikomboa, na bei anapanga yeye. Nimewahi kuona mtani akizuia mchanga wa kaburi mpaka wafiwa wacheke. Baba alijitahidi kununa, lakini mdomo ulikuwa umeshaanza kumsaliti.

"Unataka nini?"

"Nimesikia una shamba limeingia theluji, ukalikimbia. Mzaramo kaogopa baridi ya kwenye kioo! Sasa bei yangu ni hii: uimalize. Siku zote thelathini, mimi nikiwa shahidi. Ikiisha, kiatu hiki hapa."

"Na mikorosho yangu je?"

"Mikorosho ina dada yako. Au yeye hana macho?"

Bodaboda ilifika. Baba angeweza kupanda peku. Mguu mmoja tu ndio uliohitaji kiatu. Lakini habari kwamba amemkimbia mtani wake ingefika Kisarawe kabla yake, na ingekaa huko kuliko yeye. Dereva, kijana wa Masaki, akanywa maji niliyompa akisikiliza utani wao, akageuza pikipiki, akaondoka. Niliuchukua mfuko wa nguo nikaurudisha chumbani.

Alasiri hiyo hiyo walikaa wote wawili mbele ya laptop. Baba akavaa miwani.

"Niambie," akasema, "humu kitu gani hakijafa?"

Tukahesabu. Ng'ombe wawili na kuku walikuwa hai bandani, na nyasi kavu nilizokata misimu ya nyuma zingewatosha. Miti ilikuwapo, mawe yalikuwapo. Mto ulikuwa na samaki, mgodi ulikuwa wazi, na watu wa kijijini walikuwa majumbani mwao.

"Basi kazi ipo," baba akasema. "Keni ya kumwagilia ina faida gani sasa?"

"Haina. Hakuna cha kumwagilia."

"Ipeleke kwa mhunzi."

Nilipigwa na butwaa. Katika mchezo ule mhunzi hukaa na chombo chako siku kadhaa akikiboresha, na misimu yote mitatu nilikuwa nimeshindwa kumpa keni kwa sababu mazao yangekauka. Baba hakujua hilo. Alijua tu kwamba jembe hupelekwa kwa fundi wakati wa ukavu. Mvua ikianza, fundi ana foleni na wewe huna jembe. Baada ya keni tukapeleka shoka, kisha jembe. Kila chombo kilipokuwa kwa mhunzi tulifanya kazi isiyokihitaji: tulivunja mawe yaliyokuwa yametapakaa shambani tangu nianze, tukaziba ua, tukaingia mgodini kutafuta chuma.

Kwa mabishano yao tulimaliza siku mbili tu za mchezo kila alasiri, isipokuwa Ijumaa. Mwalimu alikuja na kahawa yake na hakuacha kusema.

"Huyo bibi mwenye shali nyekundu mbona hatusalimii?"

"Hatujampelekea kitu," nikasema. "Humu ukiwapelekea watu zawadi wanazozipenda, urafiki unakua."

"Mpelekee samaki."

Nikampelekea. Bibi akasema hapendi samaki.

"Mnyamwezi na samaki wapi na wapi," baba akasema. "Mzee wa kike wakati wa baridi unampelekea kuni."

Hakupenda kuni pia. Siku iliyofuata tulimpelekea yai, akashukuru, na wazee wangu wakapongezana kana kwamba wameposa.

Katikati ya baridi ile ya kioo, shangazi alipiga simu. Kwa kawaida baba humpa maagizo kabla ya salamu. Nikaweka sauti kubwa ili mwalimu naye asikie.

"Kaka, tumepuliza salfa mara ya kwanza. Leo alfajiri, kabla upepo haujaamka, umande ukiwa bado kwenye maua."

Baba akafungua mdomo. Nilimwona akipanga maswali: ule mkorosho wa bondeni, yale matawi ya upande wa njia. Mwalimu alimtazama juu ya kikombe. Baba akafunga mdomo, kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu kuhusu mikorosho yake.

"Wewe umeyaonaje maua?"

"Yamejaa," shangazi akasema. "Ule wa bondeni nimerudia mwenyewe, mwenye mashine aliuruka. Sasa nasikia wewe unalima kwenye kompyuta?"

"Nani kakuambia?"

"Dereva wa bodaboda. Kijiji kizima kinajua umefungwa na theluji. Kaa huko huko, kaka. Huku tunao wenye miguu miwili."

Mwalimu alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Baba alikata simu, akaniambia tuendelee, siku ilikuwa inakwisha na ng'ombe hawajala. Toka siku ile hakuzungumza tena kwa sauti ya chini barazani.

Baridi iliisha Jumamosi. Theluji ilitoweka kwa mpigo, ardhi ikawa kahawia, safi, bila jiwe hata moja. Keni mpya ilimwagilia mstari mzima kwa mkupuo. Tulikuwa na mbao za kutosha zizi la pili, na bibi mwenye shali nyekundu alisimama mlangoni kwake akatupungia mkono. Mwalimu akainuka, akavuka ua, akarudi na kiatu. Alikuwa amekipaka rangi.

"Umekomboa," akasema.

"Kimebana," baba akasema. "Ulikuwa unakivaa?"

Siku chache baadaye tulirudi Tumbi. Walimpiga picha, tukaingia kwa daktari. Aliiangalia picha kwenye kioo chake, akaisogeza, akaiangalia tena. Baba alikuwa akitazama dirishani. Mimi nilitazama mikono ya daktari, kama nilivyozoea kutazama mikono ya watu wanaojiandaa kutoa habari mbaya.

"Umeunga," akasema. "Umekaa sawasawa."

Hogo likakatwa. Mguu ulitoka mwembamba, ngozi imepauka na kutoa magamba. Daktari akalichukua lile gamba la plasta akaligeuza upande wa unyayo, akalionyesha kwa muuguzi.

"Wakulima wengi wanakuja hapa hogo limeisha soli," akasema. "Hili ni jipya. Mzee, hukukanyaga kabisa?"

"Sikuwa na nafasi," baba akajibu.

Wakampa magongo, wakamwambia aweke mguu chini polepole, asiubebeshe uzito wote. Aliweka vidole, kisha kisigino. Akavuta pumzi. Akapiga hatua moja, ya pili, mpaka mlangoni, na huko akamsalimia mama aliyekuwa akipiga deki na kumuuliza anatoka kijiji gani.

Mimi nilikaa kwenye benchi la nje. Asubuhi ile, bila kumwambia, nilikuwa nimefungasha mfuko wa kulazwa: shuka mbili, sahani na kijiko, sabuni, kanga, chupa ya chai. Niliubeba tangu nyumbani kama mtu aliyebeba mchanga. Baba alinifikia kwa magongo yake, akaketi, akauona mfuko umefunguka zipu.

"Mama," akaniita, kama baba anavyomwita binti yake, "una chai humo?"

"Ninayo."

"Na unaniacha nakauka koo?"

Nikammiminia kwenye kifuniko. Ilikuwa imepoa kidogo na tangawizi ilikuwa nyingi. Alikunywa, akanirudishia kifuniko, nami nikajimiminia. Tuliimaliza chupa nzima pale pale, kisha nikaenda kutafuta bajaji ya kuturudisha nyumbani.