Gari Lililolala Zizini

Gari langu la kwanza nililinunua kwa ng'ombe wanane na mtamba mmoja. Mwenye gari, mfanyabiashara wa Nyalikungu, alianza na ng'ombe kumi na wawili. Mimi nilianza na watano. Nikajifanya naondoka mara mbili, na mara ya pili akaniita. Ilikuwa pikapu ya bluu yenye tairi tano pamoja na ile ya akiba. Nilizihesabu palepale, halafu nikazihesabu tena nilipofika nyumbani Bariadi, maana tairi za akiba nazijua, zina miguu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria ya pamba, na kila msimu wanunuzi binafsi wanazunguka vijijini na mizani zao, wakimtafuta yeyote mwenye kitu cha kubebea magunia. Mimi niliona riziki. Baba, ambaye ng'ombe walikuwa wake, aliona bati lenye magurudumu.

"Ng'ombe akiangukiwa na mti," aliniuliza, "tunafanyaje?"

"Tunakula nyama, baba."

"Na gari likiangukiwa?"

Basi akaweka sharti, mama na mke wangu wakisikia: gari likipata jeraha lolote kabla msimu wa pamba haujafunguliwa, linauzwa, linageuka ng'ombe tena, na mimi narudi kushika plau. Nilijaribu kumshusha kutoka "jeraha lolote" hadi "jeraha kubwa". Akakataa. Baba ndiye aliyenifundisha kupatana bei, kwa hiyo nilipojifanya naondoka, aliniacha niondoke.

Msimu ulikuwa bado mbali. Kati yangu na msimu zilikuwepo mvua zote.

Ya kwanza ilinikuta Dutwa siku ya gulio, nimepeleka mahindi. Jua lilikuwa linachoma mpaka usukani haushikiki, nikaegesha chini ya mkuyu na kwenda kunywa chai. Kikombe hakijafika nusu, upepo ukaja na vumbi, nyuma yake mvua, na tawi nene kama kiuno changu likakatika. Nilifumba macho. Nilipofumbua, tawi lilikuwa limelala mbele ya gari, linalitazama usoni.

Nikapima kwa shubiri kutoka bampa hadi tawi: nne. Nikapima tena: tano. Nikaichukua ile tano.

"Ngosha, mwanamume mzima unapima kaburi?" aliniuliza mwenye baiskeli mmoja aliyejibanza chini ya paa la duka.

"Napima bahati."

"Basi upime haraka. Mkuyu huo umebakiwa na matawi sita."

Nikayahesabu. Yalikuwa saba. Nikaliondoa gari kabla hata sijamalizia chai, chai niliyokwisha kuilipia.

Nyumbani nilikuwa naliegesha chini ya mwarobaini, nyuma ya nyumba yangu, hatua ishirini kutoka kwa baba. Tatizo la mwarobaini ule lilikuwa kuku. Kila jioni walipanda kulala, na kila asubuhi boneti ilikuwa nyeupe. Mke wangu aliliosha wiki moja, halafu akaweka ndoo chini.

"Baba watoto, mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na pikapu."

Nikapiga hesabu ya sabuni, mara mbili, nikaona ni nafuu kulisogeza gari uwanjani, jua na lilichome. Siku ya tatu baada ya kulisogeza, mchana kweupe, kimbunga kikapita, na tawi lote la kuku likashuka pale pale boneti ilipokuwa inakaa. Kuku mmoja alibaki amesimama juu ya tawi chini, anashangaa kama mimi.

Baba alikuja kukagua. Alilizunguka gari kama anavyozunguka ng'ombe wa mnadani, akalipiga kofi mgongoni, akainama kutazama tumboni. Hakuna jeraha. Nikaona kama anasikitika kidogo.

"Miti miwili imelikosa," alisema. "Wa tatu hautalikosa. Kwa nini halilali na wenzake?"

"Wenzake gani, baba?"

Akanyoosha fimbo kuelekea zizini. Nilitafuta kasoro sikuiona. Zizi lilikuwa wazi juu, uzio ni minyaa na miiba, hakuna mti hata wa kuning'inizia kibuyu. Tukaondoa magogo matatu mlangoni, pikapu ikaingia, tukayarudisha. Kwa wiki mbili nililala usingizi mzuri. Hasara yangu ilikuwa harufu tu. Abiria wangu wa gulioni walikuwa wakipanda, wananusa, wananitazama miguu.

Wiki ya tatu, jioni ng'ombe ndio kwanza wameingia, ikaja mvua ya mawe. Radi ikapiga karibu, ng'ombe wote wakakimbilia upande wa gari uliokuwa na kinga ya upepo. Dume la baba, zito kuliko gari lenyewe kwa maoni yangu, likarudi kinyumenyume mpaka mlango wa dereva ukalia *bwaa!*

Mvua ilipokatika tulisimama mbele ya ule mlango, baba amejifunika gunia kichwani. Bati lilikuwa limebonyea, bonde la ukubwa wa sufuria ya ugali. Na mwarobaini kule nyuma haukudondosha hata kijiti.

"Jeraha," alisema baba.

Niliona plau. Niliona mpaka mpini wake ulivyochakaa. Mtu akishaona plau, akili huamka.

"Baba, dume lako likimchoma pembe ndama humu ndani, nani anamlipa nani?"

"Hakuna wa kulipa. Wa zizi moja hao, wameumizana kwao."

"Na hili limelala wapi?"

Akalizunguka gari mara moja. Akalizunguka tena.

"Zizini," alisema.

"Wiki ya ngapi?"

"Ya tatu." Akafuta maji usoni. "Haya. Ni mambo ya zizi. Si jeraha."

Nilitamani kucheza ngoma pale pale kwenye samadi. Baba akaniacha nifurahi kwanza, kama anavyofanya mwenye kupatana bei aliyebobea.

"Ila zizi hili ni la nani?"

"Lako, baba."

"Basi anayelala humu hatoki mpaka mimi niseme anakwenda wapi."

Asubuhi nilimkuta amekwisha kukaa kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Mguu wa kwanza wa gari langu siku ile ulikuwa Nassa, kumsalimia shangazi. Msimu wa pamba ulipofunguliwa, wanunuzi hawakuzungumza na mimi. Walikwenda kwanza kumwamkia baba, "Mwadila," na kumwomba gari. Bei alipanga yeye, na lazima niseme, alipanga vizuri kuliko mimi.

Nilipompata fundi wa kunyoosha mlango, baba alimfukuza.

"Liache hilo bonde," alisema. "Ng'ombe wangu wote wana alama."