Leza Isiyoogopa Joto

Siku yangu ya kwanza maabarani, kule Ubelgiji, mkuu wa maabara aliniwekea chini ya darubini leza ndogo kuliko punje ya mchele. Akaiwasha. Mwanga wake hauonekani kwa macho, kwa hiyo tuliufuata kwenye skrini ya kipimo. Kisha akaipasha moto, na mstari wa mwanga ukaanguka, ukalala.

"Umeona ugonjwa," alisema. "Thèse yako ya udaktari ndiyo dawa."

Leza za namna ile, zinazotengenezwa kwa maada iitwayo nusu-kipitishi, ndizo zinazosafirisha simu ndani ya nyuzi za kioo. Kila moja ina umeme wa kizingiti, yaani kiasi ambacho chini yake haiwaki. Joto likipanda, kizingiti nacho kinapanda, kwa sababu elektroni zinachachamaa na kuruka ukuta wa chumba zilimofungiwa. Wenzangu waliweka kila leza juu ya kipozeo. Mimi, mtoto wa mtaa wa Murara, Goma, nilijua kwetu courant ya umeme ikiyumba kipozeo ndicho kinachokufa kwanza. Nikataka kuinua ukuta wenyewe, kwa kutia alumini katika tabaka zake.

Mkuu alikataa. "Alumini inanyonya oksijeni. Tabaka zitaharibika, nawe utarudi Goma mikono mitupu."

"Niachie mashine hadi mwisho wa muhula, Profesa. Nikishindwa, nitafuata njia yako."

Ziliharibika kweli, moja baada ya nyingine. Nilisafisha tanuru la kutengenezea tabaka, nikabadilisha gesi, nikaanza upya. Muhula ukielekea ukingoni, leza moja iliendelea kuwaka katika joto la maji yanayochemka. Mkuu alikuja akasimama nyuma yangu. Akavua miwani.

"Ongeza moto kidogo."

Nikaongeza. Mwanga haukuanguka.

Nilipopata udaktari walinipa nafasi ya kubaki. Nikarudi nyumbani. Mkuu wa kitivo chuoni hapa Goma hakunificha: "Mama, maabara hatuna." Nikamjibu kwamba ubao upo, na wanafunzi wapo. Nimefundisha fizikia hadi nywele zikawa nyeupe, wala sijuti.

Chuo kilinistaafisha mwaka jana. Majuzi Kavira, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya utafiti kama wangu ng'ambo, alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyevunja sahani ya wageni.

"Mama, munisamehe. Leza yangu imepita joto ya ile yenu."

"Nikusamehe nini, mutoto wangu? Si ndiyo kazi?"

Niliweka simu, nikacheka peke yangu sebuleni. Siku ile ndipo nilipostaafu.