Maneno Kumi ya Kila Asubuhi

Nilizisikia sauti zao kabla sijaiona shule. Nilikuwa nimeshuka sokoni Matiliku na kupanda njia ya mawe, barua ya kuajiriwa imekunjwa mfukoni, na nyuma ya ua wa minyaa watoto wengi walikuwa wakiitikia kwa pamoja. "Melancholy!" sauti moja iliita. "Huzuni nzito isiyoondoka!" wakajibu. "Ominous!" "Yenye dalili ya mabaya!" Nilidhani nimefika kanisani. Nikavua kofia.

Mwalimu Mkuu alinipokea mlangoni mwa ofisi yake, amevaa sweta katika joto lile.

"Wewe ndiye mwalimu mpya wa Kiingereza?"

"Ndiyo, mzee."

"Umekuja na maneno mangapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nauliza kwa sababu mtoto wa huku hana kitu ingine ya kuingia nayo kwa mtihani. Wa Nairobi ako na televisheni, ako na mama anaongea Kiingereza hata na mbwa. Wetu ako na ndengu na jua. Mpe maneno, kijana."

Basi nikaanza kuwapa. Ninyi mnaoingia kazi hii leo, mkiwa na simu inayotafsiri kila kitu, huenda msielewe tulivyofanya. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari la msamiati: daftari la kawaida lililokatwa katikati kwa wembe, dogo la kutosha kuingia mfukoni mwa sare. Kila asubuhi kabla ya gwaride niliandika maneno kumi ubaoni, maneno magumu, yale ambayo hakuna mtu Matiliku aliyewahi kuyatamka akinunua sukari. Kushoto neno, kulia maana kwa Kiswahili, chini yake sentensi ya mfano. Waliyanakili, tukayaimba, na kufikia saa kumi jioni ilikuwa lazima kila mmoja awe ametumia matatu katika mazungumzo. Ndivyo nilivyopata kumsikia msichana akimwambia mpishi kwamba githeri yake ni "mediocre", yaani ya wastani, si nzuri si mbaya. Mpishi akamwongezea kijiko, akidhani amesifiwa.

Tulikuwa na hesabu yetu pia kuhusu mtihani. Mtahini, yule anayesahihisha, huwa na rundo la insha mbele yake na macho yaliyochoka. Akikuta neno zito, huweka tiki juu yake kwa kalamu nyekundu. Tiki zikiwa nyingi, alama hupanda. Hiyo kazi tuliiita kutega. Kumbe niliyetegwa ni mimi, na waliolipa ni wengine.

Nilihamishiwa Kitui baada ya miaka kadhaa, katika shule ya wasichana ng'ambo ya mto Tiva. Sifa zangu zilikuwa zimetangulia. Madam Principal, mama mfupi aliyetembea na funguo zote za shule kiunoni, aliniweka moja kwa moja kidato cha nne.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi sitaki kujua unafanyaje. Nataka kuona matokeo tu."

Hapo ndipo nilipounda kile ambacho wasichana walikiita "aya ya kubebea". Ilikuwa aya moja ya Kiingereza, niliyoitunga mwenyewe kwa majuma mawili, nikiisoma kwa sauti nikinyoa ndevu. Ilikuwa na upepo, mawingu, moyo unaodunda, na maneno manane mazito yaliyopangwa kama shanga. Uzuri wake, nilivyoona wakati huo, ni kwamba iliingia katika hadithi yoyote.

"Mwalimu, na kama swali ni la harusi?" aliuliza Mwende, msichana aliyekaa karibu na dirisha.

"Weka."

"Na kama ni la ajali?"

"Weka."

"Na kama ni barua ya kuomba kazi?"

"Hapo usiweke, Mwende. Wataogopa kukuajiri."

Darasa lilicheka mpaka Madam Principal akapita dirishani na funguo zake. Mwende mwenyewe hakucheka sana. Alitaka kuwa muuguzi. Alikuwa na akili ya kuuliza, na hakuipenda aya yangu.

Siku moja aliniletea insha ambayo haikuwa na neno gumu hata moja. Aliandika juu ya baba yake akichimba mchanga wa mto uliokauka ili kupata maji: jinsi mtu anavyozama katika shimo mpaka kinaonekana kichwa tu, kisha hakionekani, kisha unasikia tu kata ikikwaruza, na binti aliye juu anahesabu mikwaruzo ili ajue babake bado yu hai. Niliisoma mara mbili. Halafu nikachukua kalamu nyekundu, nikampa alama kumi na moja kwa ishirini, na pembeni nikaandika swali moja: msamiati uko wapi?

"Lakini Mwalimu, hivyo ndivyo ilikuwa," aliniambia.

"Mtahini hakujui wewe wala babako," nikamjibu. "Anajua maneno. Nenda ukariri."

Akaenda, akakariri. Nilimshika mkono nikamtoa mahali penye maji nikampeleka penye picha ya maji.

Mwaka ule, matokeo ya mtihani yalipotoka, majina ya wasichana wetu hayakuwa na alama. Barua ilimfikia Madam Principal ikisema kwamba insha nyingi za shule yetu zilikuwa na aya moja ile ile, neno kwa neno, na kwamba hiyo ni dalili ya kunakiliana katika chumba cha mtihani. Matokeo ya Kiingereza yamefutwa. Na bila Kiingereza, cheti ni karatasi tu.

Nilikimbilia ofisini. "Madam, hawakunakiliana. Niliwakaririsha mimi. Nitaandika nieleze."

Alifunga dirisha kwanza. "Utaandika nini? Kwamba shule nzima ilikuwa inaimba aya moja kila asubuhi na mimi nilikuwa nasikia? Kaa chini, Mwalimu. Jina lako nimelipeleka kwa unaibu, kule Kathonzweni. Wasichana watarudia mtihani. Wewe nyamaza tu."

Nikakaa chini. Nikanyamaza.

Baadhi walirudia. Baba yake Mwende alikuja shuleni amevaa koti la kanisani, mzee mwembamba mwenye kucha zilizojaa mchanga, na binti yake nyuma yake. Mwende alinitazama. Alikuwa akisubiri niseme. Yule mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, nisamehe. Ulimfundisha vizuri, na huyu akakuletea aibu. Mimi sitasomesha mwizi tena."

Nikawasindikiza mpaka langoni. Muhula uliofuata nilikuwa Kathonzweni, naibu wa mwalimu mkuu, na meza yenye droo inayofungwa.

Huko nilimalizia kazi. Niliacha aya ya kubebea, lakini maneno kumi sikuyaacha, maana sikujua kufundisha kwa njia nyingine. Nilipostaafu nilipewa jembe na blanketi, na mwanafunzi mmoja akasoma hotuba ambamo aliniita "indefatigable", yaani mtu asiyechoka. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nimekaa tangu siku hiyo nikijiuliza ni nini hasa nilichowapa watoto wa mkoa huu mkavu. Niliwafundisha majina mengi ya huzuni. Kila neno nililowapa lilichukua nafasi ya kitu walichokuwa wamekiona kwa macho yao.

Mwende hakuiba. Naandika hapa, na kalamu inakwenda bila kusita. Niliwahi kupata nafasi ya kulisema hilo kwa mdomo, mwaka huu huu, na ni hilo nililoketi kuwaeleza.

Alikuja nyumbani kwangu baada ya ibada ya Jumapili, mchana. Sikumtambua mpaka alipotaja jina. Ana kibanda cha vitunguu na matunda Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, na mikono yake imekuwa ya mtu mzima. Hakutaka chai.

"Baba ni mgonjwa, Mwalimu. Haoni tena na hatafika mbali. Mpaka leo akiniombea, anamwomba Mungu aniondolee roho ya wizi. Mbele ya watoto wangu."

"Nitamwandikia barua, Mwende. Leo hii."

"Nimekwambia haoni. Na akisomewa na mimi, si atasema nimejiandikia?" Akatoa simu. "Anasikia vizuri. Mwambie tu sikuiba. Si maneno mengi."

Akapiga, akaniwekea simu mkononi. Nilisikia mtu akikohoa mbali, kisha sauti nyembamba: "Haloo? Ni nani huyo?"

"Ni mimi, mzee. Mwalimu wa Kiingereza. Yule wa Mwende."

Sauti ile ikavunjika. "Mwalimu! Aiya, Mwalimu! Umenikumbuka? Miaka yote hii ninakuombea. Ulikuwa mtu mzuri kwetu. Hiyo aibu huyu msichana alikuletea, Mwalimu, niambie umemsamehe, nife nikijua."

Mwende alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu. Alisikia kila kitu. Midomo yake ilikuwa inatamka bila sauti kile nilichotakiwa kusema, kama wanafunzi wanavyomsaidia mwenzao aliyekwama mbele ya darasa.

Nilifungua kinywa. Nilimwona yule mzee na koti lake la kanisani, mikono yake miwili juu ya mkono wangu.

"Usijali, mzee," nikasema. "Nilishasamehe."

Akaanza kulia kwa shukrani. Mwende alichukua simu mkononi mwangu polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Ni mimi, Baba," alisema. "Lala. Nakuja."

Aliiweka simu katika mfuko wa aproni, akafunga leso yake vizuri. Nilimwita jina. Hakugeuka. Alitoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika.