Bafu la Akko

Siku fundi alipokuja kukabidhi nyumba, mimi nilikuwa na kazi moja tu, kushika daftari. Mama alitaka niandike kila kasoro atakayoiona, fundi atie sahihi, azirekebishe, ndipo yeye mama amalizie kumlipa. Alinichagua kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na siongei sana. Hiyo ya pili hakuisema, lakini najua.

Shida ni kwamba kasoro kubwa kuliko zote nilikuwa nimeiona jana yake, na sikuwa nimemwambia mtu.

Nilikuwa nikipiga deki bafu jipya, kutoa matone ya rangi. Maji yaliyobaki kwenye ndoo nikayamwaga sakafuni. Badala ya kwenda kwenye shimo lililo pale pembeni, yalienda polepole hadi mlangoni, yakapita chini yake, yakasimama mbele ya chumba cha Akko. Akko ni nyanya yangu, mamake baba. Alikuja kwetu hapa mjini kutoka Sericho, kule kwenye ukame, baada ya kuumia nyonga, na bafu hilo lilijengwa kwa ajili yake, asiwe anatoka nje kutawadha kabla ya kila sala. Niliangalia zile taili zilizolowa, nikaifikiria fimbo yake. Kisha nikapangusa maji kwa tambara na kunyamaza. Mama alikuwa ameshamsifu fundi kwa majirani wote. Mimi ni nani nianze kusema?

Fundi alifika saa tatu asubuhi, amevaa shati safi. Ni mtu wa Meru, mwenye maneno mengi.

“Habari ya asubuhi, mama. Leo tafuta makosa mpaka uchoke.”

“Nzuri, fundi. Nikichoka nitakunywa chai, halafu niendelee.”

Na kweli hakumwachia. Alifungua na kufunga kila mlango, akawasha na kuzima kila taa, akagonga taili kwa kidole akisikiliza kama kuna iliyo wazi chini. Mimi niliandika. Kitasa cha jikoni kinakwama. Juu ya dirisha la sebuleni rangi haikufika. Soketi moja imekaa upande. Kasoro nyingine fundi alizirekebisha hapo hapo kwa bisibisi, na mimi nikazipiga mstari.

Bafuni, mama alitazama kuta, akafungua mfereji. Mfereji ulikohoa tu. Wiki hiyo maji hayakuwa yamefika mtaani kwetu.

“Hapa pako sawa,” akasema, akatoka.

Nilibaki mlangoni na kalamu mkononi.

Nilijua muda umebaki kidogo. Kwetu, nyumba ikimalizika mzee huiombea dua, na ikishaombewa hakuna mtu anayeitafutia makosa tena. Ni kama kula chakula cha mtu ukashiba, halafu umwambie chumvi ilikuwa kidogo. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Akko alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, anangoja tuketi.

Basi nikaandika mstari mmoja chini kabisa, kwa herufi ndogo. Nikampa mama daftari. Mama hakusoma hata neno, akampa fundi.

“Tia sahihi, fundi, Akko aombe.”

Akko akainua mikono. Fundi alisoma kimya akishuka na kidole, mpaka mstari wa mwisho, huo akausoma kwa sauti: “Bafuni maji hayaendi kwenye shimo, yanaenda kwa Akko.”

Akko akashusha mikono, akaiweka mapajani.

“Nani ameandika hii?” fundi akauliza, ingawa mwenye kalamu nilikuwa mimi peke yangu.

“Mimi.” Sauti ilitoka nyembamba. “Nilimwaga maji jana, nikaona.”

“Ulimwaga maji?” Akko akaniuliza, vile mtu wa Sericho anavyoweza kuuliza neno hilo.

“Yalikuwa ya deki, Akko. Machafu.”

“Hayo sawa.”

Fundi aliomba birika. Mama akasita, kisha akaenda kulijaza kutoka kwenye mtungi. Fundi akaenda nalo bafuni, akamimina sakafuni, na sisi tukasimama kutazama. Maji yalizunguka kidogo, yakashika njia ya mlangoni.

Fundi akachuchumaa. “Mama, ile siku nilikuomba maji ya kujaribu hii sakafu, ukaniambia umebaki mtungi mmoja.”

“Nilikunyima, ni kweli. Lakini mteremko sikuuweka mimi.”

“Hapo umenishika,” akasema. Akainuka kwenda kutafuta patasi yake.

Kazi ya kung'oa na kupanga upya ilimchukua siku tatu, na malipo yakangoja. Mama hakunisifu. Alinikuta nikikunja nguo, akaniuliza, “Na kama fundi asingesoma kwa sauti?” Nikakunja upya shati nililokuwa nimeshalikunja.

Taili zilipokauka Akko aliingia bafuni na birika lake, mlango akauacha wazi. Alitawadha bila haraka. Maji yalienda kwenye shimo yenyewe, na pale mlangoni palibaki pakavu. Akatoka na fimbo yake, akakaa kwenye kiti, fundi akaitwa, chai ikaletwa tena. Akainua mikono, kisha akanigeukia.

“Wewe wa daftari. Kuna kitu umeandika?”

“Hakuna, Akko.”

“Kama kipo kiseme sasa. Nikianza nimeanza.”

“Hakuna,” nikasema, safari hii kwa sauti ya kusikika.

Akaanza.