Raketi ya Mbao ya Dada

Jirani anakausha utumbo wa mbuzi juu ya jiko la kuni, na harufu yake inanirudisha kijijini kwetu Akheri, kwenye raketi ya mbao ya dada yangu. Wacheza tenisi wa mjini waliwahi kuiringia chapa yake, lakini kufikia utoto wetu maduka yalishaacha kuuza hata nyuzi zake. Zilipokatika, bibi alisokota utumbo, akaisuka upya.

Binamu yetu alikuja na raketi mpya ya chuma. "Dada, ukifungwa, hizo kuni zako tunachomea mahindi!"

Dada alicheka, akaanza kupiga. Mbwa walimfuata kila kona ya uwanja wakiinusa raketi, lakini alimfunga binamu.

Binamu alikwenda moja kwa moja kwa bibi. "Shikamoo, bibi. Mbuzi mwingine anachinjwa lini?"